Je, Kosa Lisilokumbukwa Husamehewa?

Wahenga wetu walituachia usemi kwamba kutenda kosa si kosa, bali kosa ni kurudia kosa. Usemi huu tunaufundisha shuleni na kuutumia nyumbani, na mara nyingi tunaupita upesi, kana kwamba hauna kazi zaidi ya kumwonya mtoto mtukutu. Lakini tukiutazama kwa makini tutaona kwamba ndani yake mna fikra pana juu ya maadili. Unatuambia kuwa binadamu ni kiumbe aishiye katika wakati; kwamba anayo jana inayomdai na kesho inayomngoja. Anayekosa mara ya kwanza yafaa ahurumiwe, kwa kuwa huenda hakujua. Anayelirudia kosa hilo hilo hana udhuru huo tena, kwa kuwa alikwisha kujua. Basi msingi wa lawama, na vilevile msingi wa msamaha, ni kumbukumbu.

Katika makala haya tunakusudia kuupima usemi huo kwa kuutumia juu ya kitu ambacho kwa mtazamo wa kwanza chaweza kuonekana hakistahili kuchunguzwa na watu wazima, yaani mchezo wa katuni wa televisheni kutoka Marekani. Tumeuchagua mchezo huo kwa sababu umejengwa, toka msingi hadi paa, juu ya kurudia kosa. Mhusika wake mkuu hukosa kila juma, husamehewa kila juma, na juma lifuatalo huanza upya kama mtu ambaye hajapata kukosa maishani mwake. Swali letu ni hili: je, kosa ambalo mkosaji mwenyewe halikumbuki laweza kusemwa kuwa limesamehewa? Na kama halikusamehewa, ni nani aliyebaki na mzigo wake?

Mchezo wenyewe huitwa The Simpsons, na mbunifu wake ni mchoraji Matt Groening. Ulianza mwaka 1987 kama vichekesho vifupi ndani ya kipindi cha mwigizaji Tracey Ullman. Na tarehe 17 Desemba, 1989, ukaonyeshwa kwa mara ya kwanza kama kipindi cha nusu saa kinachojitegemea. Tangu hapo haujakoma, na vipindi vyake vimezidi 750. Groening aliwapa wahusika wake majina ya watu wa nyumbani kwake mwenyewe: baba yake aliitwa Homer, mama yake Margaret, na wadogo zake wa kike Lisa na Maggie. Mahali pa kisa ni mji wa kubuni uitwao Springfield, wenye nyumba zilizotengana moja moja, kila nyumba na majani yake mbele, gari lake kando, na jirani wake ng'ambo ya ua. Maisha hayo ya viunga vya mji yalienea sana nchini Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, na televisheni ya huko, ambayo ilikua wakati ule ule, iliyafanya kuwa picha ya kawaida ya familia.

Familia yenyewe ina watu watano. Baba, Homer, ni mkaguzi wa usalama katika mtambo wa umeme wa nguvu za nyuklia, kazi ambayo haiwezi wala haijali. Apendavyo ni chakula, bia na kiti chake mbele ya televisheni. Mkewe, Marge, ni mama wa nyumbani mwenye nywele za buluu zilizosimama kama mnara. Bart, mwenye umri wa miaka 10, ni mtundu asiyeshindwa, na humwita baba yake kwa jina lake, jambo ambalo katika nyumba nyingi za kwetu lingetosha kuwa kisa kizima. Lisa, mwenye umri wa miaka 8, ni mpenda vitabu na mpiga saksafoni, ambaye maneno yake ya hekima husikika bila kufuatwa. Maggie ni mtoto mchanga aliye na chuchu ya mpira mdomoni, na hasemi. Nje ya nyumba yupo Ned Flanders, jirani mcha Mungu ambaye vyombo vyake huazimwa visirudishwe. Na juu ya wote yupo bwana Burns, mzee tajiri mwenye mtambo.

Msomaji atakuwa amekwisha kutambua kwamba hawa ni wahusika wa aina ile inayojulikana tangu zamani katika vichekesho. Yupo baba mpumbavu, mama mwenye subira, mtoto mwerevu asiyesikilizwa, jirani mwema achukizaye kwa wema wake, na bwana mkubwa asiye na huruma. Homer ana ukoo mrefu. Mwaka 1960 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha katuni iitwayo The Flintstones, ambayo baba yake wa nyumbani, ingawa amewekwa katika zama za mawe, ni mtu wa makelele na mipango mibovu. Naye alifanana sana na yule dereva wa basi wa mchezo wa The Honeymooners wa miaka ya 1955 na 1956. Baada ya Homer kukaja Peter Griffin wa Family Guy, iliyoanza mwaka 1999, ambaye upumbavu wake umevuka mipaka yote. Hata King of the Hill, iliyoanza mwaka 1997, ambayo baba yake Hank Hill ni mfanyakazi mwaminifu wa kuuza gesi, ilichekesha kwa njia ile ile ya kumweka baba mbele ya dunia asiyoielewa.

Hata hivyo, si wahusika tu wanaoufanya mchezo huu kuwa ulivyo. Ipo kanuni iliyo kubwa kuliko mhusika yeyote, nayo ni kanuni ya kurudi. Nyumba ikiungua, juma lijalo imesimama. Homer akifukuzwa kazi, juma lijalo yuko kazini. Bart alikuwa na miaka 10 mwaka 1989, na hadi leo ana miaka 10. Lau angalikua kama watoto wengine, angalikwisha kuwa mtu wa makamo. Kanuni hiyo hutangazwa mwanzoni kabisa. Katika vipindi vingi, kabla kisa hakijaanza, tunamwona Bart peke yake darasani, akiandika ubaoni sentensi moja mara nyingi kama adhabu ya utundu wake. Kengele ikilia hutupa chaki akakimbia. Kipindi kingine yuko pale pale, na sentensi yake ni nyingine. Mwalimu yeyote aliyewahi kutoa adhabu ya namna hiyo ataitambua picha hiyo, na pengine atacheka kwa kujiuma midomo. Maana hapa adhabu imegeuka mazoea, na mwenye kuadhibiwa hajifunzi lolote isipokuwa mwandiko.

Tazama jinsi kanuni ya kurudi ilivyofanya kazi katika kile kipindi cha kwanza cha Desemba 1989. Krismasi imekaribia. Akiba ya Marge imekwisha kwa kulipia kuondolewa mchoro ambao Bart alijichoresha kwenye ngozi ya mkono. Familia inategemea bakshishi ya mwisho wa mwaka, lakini bwana Burns ameifuta. Homer anaona haya kusema. Anakwenda kwa siri kufanya kibarua cha kujivika mavazi ya Baba Krismasi katika jumba la maduka; malipo yanakuwa kidogo mno; naye anayapeleka kwenye mashindano ya mbwa na kuyatia yote juu ya mbwa mmoja, ambaye anashika mkia. Mwenye mbwa anamfukuza mnyama wake, na Homer na Bart wanamchukua. Wanapofika nyumbani Homer anaanza kuungama. Anakiri kwamba hakupata ile bakshishi. Lakini kabla hajamaliza, mbwa anaingia, watoto wanashangilia wakidhani ndiye zawadi, na Marge anafurahi. Kisa kinakwisha kwa wimbo.

Hapana shaka kwamba mwisho huo ni mzuri, na mtu mwenye moyo hawezi kuutazama bila kuguswa. Hata hivyo yafaa tuone kilichotokea. Ungamo lilianza, halikumalizika. Habari ya fedha zilizochezwa kamari haikutajwa, wala hakuna aliyeiuliza. Furaha ilifika mapema kuliko ukweli, ikakaa mahali pake. Huo ndio mtindo ambao mchezo huu umeufuata tangu siku ile: baba hapati nafasi ya kusamehewa, kwa sababu kisa kinamwondolea deni kabla hajalikiri lote.

Wako waliolaumu. Mnamo Januari 1992, Rais George H. W. Bush wa Marekani alisema hadharani kwamba familia za nchi yake zingefaa kufanana zaidi na akina Walton kuliko akina Simpson. Akina Walton walikuwa familia ya mchezo mwingine wa televisheni, ulioonyeshwa toka mwaka 1972 hadi 1981, uliohusu watu wa shamba katika jimbo la Virginia waliostahimili umaskini wa miaka ya 1930 kwa kazi, sala na heshima. Watengenezaji wa katuni walijibu baada ya siku chache tu: walimfanya Bart aseme kwamba wao wanafanana kabisa na akina Walton, kwani nao wanaomba dhiki ya uchumi iishe. Jibu hilo lilikuwa kali, na lilikuwa na ukweli. Ni rahisi kuisifu familia maskini ya zamani na kuiacha familia ya leo na madeni yake. Lakini jibu hilo halikuligusa swali la maadili lililokuwa ndani ya lawama, yaani kama ni vema kumzoeza mtazamaji kuona makosa yanayoyeyuka.

Kabla hatujajiunga na walaumu, haki yatudai tujitazame. Nani asiyewajua Sungura na Fisi? Jioni moja Fisi ameponzwa na ulafi wake: ameungua, amepigwa na wanakijiji, au amekufa kabisa. Jioni ya pili msimulizi anasema "Paukwa", watoto wanaitikia "Pakawa", na Fisi yule yule anatoka pangoni mzima, mwenye njaa, asiyekumbuka lolote. Hatukupata kusikia mtoto aliyeuliza Fisi amefufukaje. Basi mhusika asiyekua, asiyejifunza, anayeanza upya kila siku, hakuletwa kwetu na televisheni. Ni mali ya kale ya wasimulizi wa kila mahali, na anayemhukumu Homer kwa sababu hiyo peke yake hana budi kumhukumu na Fisi.

Hata hivyo kuna tofauti mbili. Ya kwanza ni kwamba kwa kawaida Fisi hurudi baada ya hadithi kwisha. Ndani ya hadithi yenyewe ulafi wake hulipwa, na malipo hayo hayafutwi mpaka watoto wameyaona. Homer mara nyingi hurudishiwa kila kitu ndani ya ile nusu saa. Ya pili ndiyo kubwa. Hadithi ya Fisi ilikuwa na bibi. Bibi aliwajua watoto waliomzunguka. Alijua nani jana alichovya kidole kwenye chungu cha mboga, na pengine ndiyo sababu usiku ule alichagua hadithi ya ulafi. Alipofika mahali pa Fisi kunyoosha mkono wake, alimtazama mtoto fulani, na mtoto yule akainamisha kichwa. Kumbukumbu aliyonyimwa Fisi ilikaa kwa bibi. Kwa hiyo Fisi aliweza kusahau bila kuwadhuru wasikilizaji, kwa sababu yuko aliyekumbuka kwa niaba yake.

Televisheni haimjui mtazamaji wake, wala haiwezi kumtazama usoni. Hivyo yatupasa kuuliza: katika Springfield kumbukumbu imewekwa wapi? Tukichunguza tutaona kwamba kila mtu husahau kwa namna yake, na kwamba kusahau huko hakuna thamani moja kwa wote.

Mwenye kusahau kwa raha kuliko wote ni bwana Burns. Ni mzaha wa miaka mingi katika mchezo huu kwamba tajiri huyo halikumbuki jina la Homer. Mtu amemfanyia kazi miaka nenda miaka rudi, amepata kuuokoa mtambo na amekaribia kuuangamiza, na kila mara Burns huuliza huyu ni nani. Tunacheka, na ni haki tucheke. Lakini kicheko hicho kimebeba jambo zito. Kusahau kwa mwenye nguvu ni sehemu ya nguvu zake. Yeye hapungukiwi na kitu kwa kutomjua mfanyakazi, wakati mfanyakazi asiyemjua mwajiri atalala njaa. Historia ya wanyonge duniani imejaa watu waliotendewa na watu ambao kesho yake hawakukumbuka kuwa walitenda.

Homer naye husahau, lakini kwake kusahau kuna sura mbili. Sura moja ni ya mtu mvivu na mchoyo. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1992 watoto wanaelezwa jinsi nyumba yao ilivyonunuliwa: babu yao, mzee Abraham, aliuza nyumba yake mwenyewe ili kumsaidia mwanawe, akakaribishwa kuishi nao. Bart anauliza ilichukua muda gani kabla babu hajapelekwa katika nyumba ya kutunzia wazee. Homer anajibu kwamba yapata majuma matatu, na kicheko kinafuata. Kwa msomaji aliyelelewa kuamini kwamba radhi ya mzazi ni nguzo ya maisha, kicheko hicho kina uchungu. Kinaonyesha deni ambalo si kwamba halikulipwa tu, bali limegeuzwa kuwa mzaha, na mzaha ni kaburi zuri la deni.

Sura ya pili ni ya mtu anayesahau ili aweze kuishi. Kipindi cha mwaka 1995 chasimulia kwamba Homer alipata kulipa madeni yake yote, akaacha kazi ya mtambo kwa mbwembwe, akaenda kufanya kazi aliyoipenda katika ukumbi wa mchezo wa kuviringisha tufe. Alikuwa na raha. Kisha Marge akapata mimba ya Maggie, mshahara ukawa hautoshi, na Homer akalazimika kurudi kwa Burns akitambaa. Burns alimwekea mbele ya meza yake kibao chenye maneno ya kumkumbusha kwamba atakaa pale milele. Na Homer alifanya nini? Picha zote za Maggie alizibandika juu ya kibao kile, akifunika herufi hii na ile, mpaka maneno yaliyobaki yakasomeka kwamba afanye kazi hiyo kwa ajili ya binti yake.

Tunasita hapa, kwa sababu tukio hilo ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa katika sanaa ya katuni. Huyu ndiye yule yule mpumbavu. Lakini safari hii hakulifuta neno la mdhalimu wake; alilifunika kwa upendo, huku akijua vema liko chini. Kibao hakikuondoka ukutani. Kila asubuhi anayemtazama binti yake anautazama pia utumwa wake. Kama tukitafuta katika mchezo huu mfano wa kusamehe, pengine huo ndio ulio karibu kuliko yote: kukumbuka yote, na kuchagua kipi kitangulie kusomwa.

Sasa tumtazame Marge. Yeye ndiye ghala la kumbukumbu katika nyumba hiyo, na ndiye anayelipa. Katika kipindi cha Machi 1990, Homer amesahau siku ya kuzaliwa ya mkewe. Anakimbilia dukani na kumletea tufe la mchezo, ambalo matundu yake yametobolewa kwa vidole vya Homer, na jina lililochorwa juu yake ni Homer. Marge, kwa hasira, anaamua kwenda kuucheza mchezo huo yeye mwenyewe. Huko anakutana na mwanamume mwungwana anayemwona na kumsikiliza, na moyo wake unaanza kuyumba. Siku ya miadi anafika kwenye njia panda: upande mmoja ni kwa mwanamume yule, upande wa pili ni mtamboni kwa mumewe. Anakwenda mtamboni. Kipindi kinakwisha kwa shangwe, Homer akimbeba mkewe mikononi kama bwana arusi.

Wahenga wanasema kosa moja haliachi mke. Kweli, lakini hawakusema makosa elfu yanafanya nini. Mchezo wenyewe ulitoa jibu miaka miwili baadaye, Februari 1992. Marge, baada ya asubuhi moja ya kuhangaikia kila mtu, anaendesha gari na Maggie. Chupa ya maziwa inamwagika. Naye anasimamisha gari katikati ya daraja, anafunga magari ya pande zote mbili, na hawezi kuendelea. Chupa ya maziwa ni kitu kidogo. Lakini juu ya chupa ile yalikuwa yamelundikana yote yaliyosahauliwa na wengine. Alipokwisha kupumzika peke yake kwa siku chache alirudi, akasema kwamba anahitaji kusaidiwa zaidi, na wote wakamwahidi. Juma lililofuata, kwa mujibu wa ile kanuni, ahadi hiyo nayo ikawa imesahauliwa.

Hapo ndipo tunapoliona jibu la swali letu la kwanza. Kosa lisilokumbukwa halijasamehewa, limehamishwa tu. Limetoka kwa aliyelitenda likaenda kwa yule aliye karibu naye na anayempenda. Msamaha wa kweli wahitaji kumbukumbu mbili: aliyekosewa akumbuke, ili ajue anasamehe nini, na aliyekosa akumbuke, ili ajue amesamehewa nini. Kumbukumbu ikibaki kwa mmoja tu, kilichopo si msamaha bali ni uvumilivu, na uvumilivu una daraja lake ambapo gari husimama.

Pengine msomaji atasema kwamba tunaulemea mchezo wa kuchekesha kwa mizigo isiyo yake. Twamjibu kwamba mchezo wenyewe ulikwisha kujiuliza swali hilo, kwa ukali kuliko sisi. Mei 1997 ulimleta mtamboni mfanyakazi mpya aitwaye Frank Grimes. Huyu ni mtu aliyeachwa na wazazi wake akiwa mdogo, aliyeumia vibaya katika mlipuko siku aliyotimiza miaka 18, aliyejisomea kwa posta mpaka akapata cheti chake, na anayeishi katika chumba kilicho chini ya ukumbi wa tufe na juu ya ukumbi mwingine wa tufe. Yaani Grimes ametoka katika dunia yetu, dunia ambayo miaka huhesabiwa na jasho huwa na bei. Anamwona Homer akilala kazini, akila chakula cha wenzake, akikwepa hatari aliyoisababisha. Kisha anakaribishwa nyumbani kwake na kuona nyumba kubwa, mke mwema, watoto, na picha ya Homer akiwa angani kama mwanaanga. Akili yake inashindwa kulikubali jambo hilo.

Ili kuwafumbua watu macho, Grimes anamhadaa Homer aingie katika mashindano ya watoto ya kubuni mfano wa mtambo. Homer anashinda, na wenzake wote wanamshangilia. Grimes anapandwa na wazimu. Anaanza kumwiga Homer, akipiga kelele kwamba naye anaweza kufanya apendavyo bila kudhurika; anashika nyaya za umeme mkubwa bila mifuko ya mikono, na anakufa. Mazikoni Homer amesinzia, anaropoka usingizini, na waombolezaji wanacheka huku jeneza likishushwa.

Kipindi hicho kiliwaudhi watazamaji wengi, na tunaelewa sababu yake. Kiliwaonyesha kwamba rehema waliyoipenda kwa miaka minane haikuwa rehema ya wote. Homer huanguka bila kuumia kwa kuwa kanuni ya mchezo iko upande wake. Mgeni akiijaribu kanuni hiyo hufa. Katika jamii yoyote wako watu ambao makosa yao huitwa tabia na huchekewa, na wako watu ambao kosa lao la kwanza ndilo la mwisho. Mwanafunzi anayetaka kujua haki ni nini katika mji fulani asiulize tu nani hukosa humo. Aulize nani huruhusiwa kusahau.

Yako mambo mawili zaidi ambayo hatuna budi kuyataja, kwa kuwa yanaonyesha mipaka ya kanuni ya kurudi. Mwaka 2000, Maude, mke wa yule jirani Ned Flanders, alikufa kwa ajali katika uwanja wa mashindano ya magari, na Homer alikuwa na sehemu yake katika ajali hiyo. Maude hakurudi. Ned aliachwa mjane na watoto wawili, na katika mji ambao kila kitu hurudi, yeye peke yake alibaki na pengo. Aliyekuwa akiazimwa vyombo visirudishwe, sasa alikuwa amepoteza kisichoweza kurudishwa.

Jambo la pili halikubuniwa na mwandishi yeyote. Oktoba 2013 alifariki mwigizaji Marcia Wallace, ambaye tangu mwanzo alikuwa sauti ya Edna Krabappel, mwalimu wa Bart. Yule mwalimu aliyechoka, mwenye maneno makali na moyo uliojificha, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alimstahimili mtoto asiyekua. Watengenezaji hawakutaka kumpa mtu mwingine sauti hiyo, na mhusika akaondolewa. Kipindi kilichofuata kilianza kama vingine: Bart darasani, chaki mkononi, mbele ya ubao. Lakini safari hii ubao haukujaa. Aliandika mara moja tu, sentensi moja fupi ya kusema kwamba watamkosa sana mwalimu wao.

Walimu wenzetu, na nyinyi wanafunzi, tunaomba muitafakari picha hiyo. Kwa miaka mingi mtoto yule alikuwa akirudia sentensi mara mia bila neno moja kumwingia. Siku alipoandika mara moja tu, maneno yalikuwa na maana, kwa sababu safari hii kulikuwa na jana ambayo haiwezi kufutwa. Hatuwaambii vijana wasitazame michezo kama hii, wala wasicheke. Mwenye kucheka pamoja na wenzake hujifunza mengi. Tunawaomba tu wafanye kazi ile aliyoifanya bibi. Kipindi kikiisha, na mhusika akiwa amesahau, wao wakumbuke. Na swali la kwanza lisiwe nani ametuchekesha zaidi, bali nani ameachwa akifagia. Tukiizoea kazi hiyo mbele ya michoro, huenda tutaiweza na majumbani mwetu, ambako hakuna kanuni ya kurudi, na ambako mama aliyekaa kimya kwenye kiti chake jioni anakumbuka kila kitu.